Warsha ya watu wanane: Namna uandishi unavyofundishwa, na kwa nini Kiswahili kinahitaji meza yake

NENO ‘warsha’ limechakaa nchini Kenya. Mwambie jirani yako kwamba unakwenda warsha, naye atadhani unakwenda hotelini Naivasha kwa siku tatu, unywe chai ya saa nne kwa mandazi, uandike mawili matatu kwenye karatasi kubwa iliyobandikwa ukutani, kisha utie sahihi na kupokea marupurupu. Kumbe maana yake ya msingi ni mahali pa kufanyia kazi za mikono. Warsha ni ndugu wa karakana. Seremala ana warsha, na ndani yake mna randa, msumeno, vumbi la mbao na mwanagenzi anayetazama mkono wa fundi.

Nimeanza na neno hili makusudi. Kila mwaka, wanafunzi wangu wawili watatu huniuliza kuhusu shahada ya uzamili katika uandishi wa kubuni, hasa ile inayotolewa katika vyuo vya Marekani na Uingereza. Huniuliza kana kwamba wanauliza habari za mganga: Je, ni kweli kwamba mtu huingia humo bila kitabu akatoka mwandishi? Wengine hukejeli. Ati kipaji ni cha Mungu, darasa litaongeza nini? Wiki hii nimeamua kueleza kinachotendeka ndani ya programu hizo, kisha niseme kinachonikera kuzihusu na tunachoweza kujifunza kutoka kwazo sisi tunaoandika Kiswahili.

Kwanza, tutofautishe shahada mbili ambazo watu huzichanganya. Mwanafunzi wa uzamili wa fasihi husoma riwaya za watu wengine na kuandika tasnifu ya kuzichambua. Mwanafunzi wa uzamili wa uandishi, ile shahada inayofupishwa MFA kule Marekani, huandika riwaya yake, diwani yake au mkusanyiko wake wa hadithi, na hicho ndicho anachowasilisha ili ahitimu. Wa kwanza ni mfano wa mtu anayeweza kukueleza kwa nini kiti fulani hakiyumbi. Wa pili anatakiwa alete kiti, watu wakikalie.

Wazo hili lina historia fupi kuliko wengi wanavyodhani. Mnamo 1922, Chuo Kikuu cha Iowa nchini Marekani kilitangaza kwamba kingekubali kazi ya kisanaa kama tasnifu ya shahada ya juu. Paul Engle alikuwa miongoni mwa wa kwanza kunufaika: diwani yake ya mashairi, iliyochapishwa 1932, ilitokana na tasnifu yake ya uzamili. Mwaka 1936, warsha ya waandishi ya Iowa iliundwa rasmi chini ya Wilbur Schramm. Engle aliiongoza kuanzia 1941 hadi 1965, akaifanya kuwa kielelezo kilichoigwa na vyuo vingi. Uingereza ilichelewa. Malcolm Bradbury na Angus Wilson walianzisha kozi yao katika Chuo Kikuu cha East Anglia mwaka 1970, na mwanafunzi wa kwanza alikuwa Ian McEwan. Miaka kumi baadaye, Kazuo Ishiguro alihitimu hapo. Mwaka 2017, Ishiguro alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi.

Sasa tuingie darasani. Hakuna jukwaa wala mhadhara. Kuna meza, na watu wameizunguka. Wiki moja kabla ya kikao, wanafunzi wawili huwapa wenzao hadithi zao. Kila mmoja husoma nyumbani, ikiwezekana mara mbili, akiandika maoni pambizoni, kisha humwandikia mwenye hadithi barua ya ukurasa mmoja hivi. Siku ya kikao, hadithi moja hujadiliwa kwa muda wa saa nzima au zaidi. Kwa desturi ya zamani, mwenye hadithi haruhusiwi kusema lolote. Anakaa kimya, kalamu mkononi, huku watu wakiizungumzia kazi yake kana kwamba hayupo. Mwishoni ndipo anapouliza maswali yake.

Kwa nini anyamazishwe? Sababu ni nzuri. Kitabu kikishachapishwa, mwandishi hawezi kuandamana nacho hadi sebuleni kwa msomaji akamwambie, “Hapa nilimaanisha hivi.” Kilicho kwenye ukurasa ndicho kilichopo. Ukimpa mwandishi nafasi ya kujitetea, atajaza kwa mdomo mapengo aliyoyaacha kwa kalamu, na wasomaji watatoka wakidhani kwamba waliyaona kwenye hadithi.

Idadi ya watu nayo ni sehemu ya ufundi wenyewe. Programu ya Chuo Kikuu cha Cornell, ambako NoViolet Bulawayo wa Zimbabwe alisomea, inajulikana kwa kuchukua takriban wanafunzi wanane tu kwa mwaka: wanne wa ushairi, wanne wa hadithi. Hebu tupige hesabu. Kundi la watu wanane likijadili hadithi mbili kila wiki, zamu humrudia kila mtu baada ya wiki nne. Katika muhula wa wiki kumi na nne, kila mmoja atajadiliwa mara tatu. Atapokea barua ishirini na moja, saba kwa kila hadithi. Isitoshe, atakuwa amesoma hadithi ishirini na moja za wenzake na kuandika barua ishirini na moja. Kundi likiwa la watu themanini, hesabu hiyo inaporomoka. Hapo inabaki mihadhara kuhusu uandishi, na mihadhara kuhusu kuogelea haijamfunza mtu kuogelea.

Kwa maoni yangu, faida kubwa haiko katika zile barua ishirini na moja unazopokea. Iko katika zile unazoandika. Ukishasoma rasimu ishirini za wenzako na kuona namna kila mmoja anavyochelewa kuianza hadithi yake, utaanza kuona ukurasa wako wa kwanza kwa jicho tofauti. Kosa lako mwenyewe linakuzoea. La mwenzako linakugutusha.

Nitoe mfano wa Kiswahili, maana safu hii ni ya Kiswahili. Chukua aya hii niliyoitunga kwa mtindo ambao kila mwalimu nchini ameusahihisha: “Baba alipoiaga dunia, ulimwengu wa Mwanaidi uligeuka kuwa giza totoro. Alilia kwa kite na shake hadi machozi yakamkauka. Ama kweli, ajali haina kinga.” Katika karatasi ya insha ya KCSE, aya hii haina shida. Ina tamathali, ina methali, sarufi yake ni safi. Mtahini anatia alama ya vyema na kuendelea.

Iweke sasa kwenye meza ya watu wanane. Wa kwanza atauliza: nani yuko jikoni? Nyumba ya msiba ina watu, na watu wanahitaji chai. Wa pili atauliza: simu ya baba iko wapi, na nani anaipokea? Wa tatu atauliza swali zito zaidi: ile methali inasemwa na nani? Ni Mwanaidi aliyefiwa, au ni mwandishi anayetafuta alama? Wa nne atasema kwamba amesoma habari za huzuni lakini hakumwona mtu yeyote mwenye huzuni. Hakuna hata mmoja aliyetaja kosa la sarufi, kwa sababu halipo.

Mwandishi huyo akirudi wiki nne baadaye, huenda aya yake ikawa hivi: “Siku ya mazishi simu ya baba iliita mara tatu. Mara ya tatu mama aliipokea, akasikiliza, akasema, ‘Ametoka kidogo.’” Hakuna tashbihi. Hakuna kite wala shake. Lakini msomaji anajua sasa kwamba huyo mama hajakubali, na Mwanaidi amesimama pale akisikia. Maneno ni machache, na kila moja linafanya kazi.

Sisemi kwamba shule inakosea kufundisha insha. Mwanafunzi wa kidato cha nne anahitaji ukwasi wa msamiati, na methali ni hazina. Ninachosema ni kwamba insha imefundisha vizazi vya Wakenya kuvisha sentensi mapambo, na hakuna hatua inayofuata ya kuwafundisha kuivua. Anayetaka kuandika riwaya hutoka shuleni akiwa na kabati lililojaa nguo za harusi. Kisha anazivaa zote kwa mpigo. Meza ya warsha ndiyo hatua hiyo iliyokosekana.

Hata hivyo, meza hiyo ina hatari zake. Mosi, ile kanuni ya kimya imekosolewa sana, na haki iko upande wa wakosoaji katika jambo moja. Kimya hufaa pale ambapo wote mezani wanaishi ulimwengu unaofanana na wa mwandishi. Mkenya akiwa peke yake kati ya Wamarekani saba, saa nzima inaweza kuisha watu wakiulizana chama ni kitu gani, na kwa nini shangazi ana usemi mkubwa hivyo kwenye posa. Mwandishi ameketi kimya, jibu analo, na hadithi yake haijaguswa. Matthew Salesses, mwandishi na mwalimu wa uandishi nchini Marekani, alichapisha kitabu mwaka 2021 akionyesha kwamba zile zinazoitwa kanuni za ufundi ni matarajio ya hadhira fulani, na kwamba hadhira ikibadilika, kanuni nazo hubadilika. Naafikiana naye. Kusema kwamba hadithi nzuri haifunzi moja kwa moja ni kanuni ya hadhira moja. Wasomaji waliolelewa kwa utenzi na ngano wana kanuni yao.

Dawa ipo. Liz Lerman, Mmarekani ambaye ni mtunzi wa ngoma za jukwaani, alibuni kuanzia 1990 utaratibu wa hatua nne. Kwanza watu wanasema kilichowagusa. Kisha msanii mwenyewe anauliza maswali kuhusu kazi yake. Halafu watu wanamuuliza yeye maswali yasiyoficha hukumu ndani yake. Mwisho kabisa wanatoa maoni, lakini baada ya kumwomba ruhusa. Warsha nyingi za uandishi zimeuchukua utaratibu huu au sehemu yake.

Pili, kuna suala la fedha na siasa. Eric Bennett, katika kitabu chake cha mwaka 2015, ameeleza jinsi Engle alivyokuwa hodari wa kuchangisha fedha katika miaka ya Vita Baridi, akiwashawishi wafadhili kwamba uandishi ulikuwa silaha dhidi ya Ukomunisti. Nasi hatukuwa mbali na moshi huo. Kituo cha Chemchemi kilichofunguliwa Nairobi mwaka 1963 chini ya Es’kia Mphahlele wa Afrika Kusini, kilichoandaa warsha za waandishi, kilifadhiliwa na shirika ambalo baadaye lilibainika kupokea fedha za CIA. Haimaanishi kwamba Mphahlele hakuwa mwalimu mzuri. Inamaanisha kwamba meza haijiundi yenyewe, na anayeinunua huchagua wa kuketi.

Hapo ndipo penye kero langu. Jina la kituo lilikuwa la Kiswahili, lakini mapambano ya lugha yalikuwa yamekwisha kuanza. Juni 1962, waandishi walikusanyika Makerere, Uganda, katika kongamano lililowahusu Waafrika wanaoandika kwa Kiingereza. Shaaban Robert, aliyekuwa na rafu nzima ya vitabu, hakuwa na kiti kwenye meza ile, kwa sababu aliandika Kiswahili. Alifariki mwezi huo huo. Ngũgĩ wa Thiong’o aliyekuwepo pale akiwa mwanafunzi, aliukumbusha ulimwengu jambo hili katika kitabu chake cha 1986, na akaendelea kulisema.

Tazama sasa orodha ya Wakenya waliopitia programu hizi. Binyavanga Wainaina alisoma East Anglia. Yvonne Adhiambo Owuor alisoma Chuo Kikuu cha Queensland, Australia. Okwiri Oduor alisoma Iowa. Makena Onjerika alisoma Chuo Kikuu cha New York, akarudi kuwafundisha wenzake Nairobi. Wote wanne ni washindi wa Tuzo ya Caine, na ninajivunia kila mmoja wao. Wote wanne wanajulikana kwa kazi zao za Kiingereza. Siwalaumu. Mwandishi huenda penye meza.

Mwaka jana, mwanafunzi wangu wa zamani, anayeandika Kiswahili kilichokolea cha pwani, alitaka kutuma maombi kwa programu mojawapo ya ng’ambo. Walitaka kurasa ishirini na tano za hadithi kwa Kiingereza. “Mwalimu,” akaniuliza, “niitafsiri hii niliyo nayo, au niandike nyingine?” Hadithi yenyewe ilikuwa ya bibi anayevuka Likoni kila alfajiri kuuza viazi karai, na nusu ya uzuri wake ulikuwa katika namna yule bibi anavyowajibu wateja. Nilimwambia aandike nyingine. Ile ya bibi aiweke. Lakini nilipomwambia aiweke, sikuwa na mahali pa kumwelekeza aipeleke ikasomwe na watu saba kwa makini, kwa Kiswahili, wiki moja kabla. Ana mwalimu mmoja aliye na shughuli nyingi. Hilo halitoshi.

Si kwamba Kiswahili hakijawahi kuwa na warsha. Mwanagenzi wa ushairi alikaa karibu na malenga, akatunga, akasomewa, akaambiwa mizani imepelea. Abdilatif Abdalla alikulia katika ukoo wa watunzi. Kakaye, Ahmad Nassir, alikuwa malenga mashuhuri. Alipofungwa gerezani kwa sababu za kisiasa, tayari alikuwa na ufundi wa kutosha kutunga peke yake yale mashairi yaliyotoka 1973 kama Sauti ya Dhiki. Malumbano ya washairi, ambapo shairi hujibiwa kwa shairi redioni na magazetini, nayo ni barua za warsha, ila zimefungwa vina. Asiyejua bahari yake alijibiwa mbele ya umma. Ushairi wetu ulikuwa na meza yake. Hadithi fupi na riwaya ndizo zilizozaliwa bila meza.

Nini kifanyike? Napendekeza mambo mawili, dogo na kubwa.

Dogo halihitaji chuo. Tafuteni watu sita hadi wanane wanaoandika Kiswahili. Kutaneni kila wiki mbili, kwenye maktaba, ukumbi wa kanisa, au darasani baada ya masomo. Rasimu itumwe wiki moja kabla, isizidi kurasa kumi na tano. Nasema rasimu, si mswada. Mswada ni kazi iliyo tayari kwenda kwa mchapishaji, na anayeleta mswada kwenye warsha mara nyingi amekuja kupigiwa makofi. Kila mtu aandike barua ya ukurasa mmoja. Kikao kianze kwa mtu mmoja kueleza hadithi inahusu nini, bila kusifu wala kukosoa. Mtashangaa mara ngapi mwandishi atagundua kwamba wasomaji wamesoma hadithi tofauti na ile aliyodhani ameiandika. Kisha maswali. Maoni yaje mwisho. Pigeni marufuku maneno mawili: “ningekuwa mimi”. Wewe si yeye. Na msitoe alama. Mkitoa alama, mtarudi kwenye insha kabla chai haijapoa.

Kubwa linahusu idara zetu. Mwanafunzi wa uzamili au uzamifu wa Kiswahili aruhusiwe, akitaka, kuwasilisha riwaya pamoja na insha ndefu ya kitaaluma inayoeleza uamuzi wake wa kisanaa. Najua swali litakaloulizwa kwenye kikao cha idara: nani atatahini, na kwa vigezo gani? Swali hilo limeshajibiwa kwingine. Jennifer Nansubuga Makumbi wa Uganda aliiandika riwaya yake Kintu akiwa mwanafunzi wa uzamifu katika Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza. Ilishinda shindano la miswada la Kwani? mwaka 2013, ikachapishwa hapa Nairobi mwaka uliofuata. Watahini hawakupoteza chochote, na Afrika Mashariki ilipata kitabu. Kwa nini riwaya ya Kiswahili isipate njia kama hiyo Nairobi, Eldoret au Maseno?

Tuzo tunazo. Tangu ile ya Mabati-Cornell ianzishwe 2014, miswada ya Kiswahili imepata jukwaa la kushindania. Lakini tuzo huja mwishoni, kazi ikiwa imekamilika. Haiwezi kumwambia mwandishi kwamba hadithi yake inaanzia ukurasa wa tatu, wala kwamba mama kwenye hadithi ndiye anayestahili kuisimulia. Hayo huambiwa na watu wanaokusoma ukiwa bado katikati, rasimu ikiwa bado na vumbi la mbao.

Je, uandishi unafundishwa? Jibu langu ni kwamba kipaji hakifundishwi, lakini usikivu unafundishwa, na kipaji kisicho na usikivu huishia kwenye droo. Yeyote aliye tayari kuanzisha kundi la watu wanane mahali alipo aniandikie kupitia safu hii. Nitachapisha maswali yenu na kuyajibu nijuavyo. Viti visizidi vinane.